Wanafunzi Wasioonekana: Kutoka Sahifa ya Sheikh Al-Amin hadi Kozi za Mtandaoni

Mwaka 1930 karatasi moja ilianza kuzunguka katika Mji wa Kale wa Mombasa, ikitoka mkono hadi mkono na baraza hadi baraza. Iliitwa Sahifa. Mwandishi wake, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa 1891, alikuwa amesoma kwao Mvita, yaani Mombasa, kisha Unguja kwa Sayyid Ahmad bin Sumayt na Sheikh Abdallah Bakathir. Alikuwa na wanafunzi wake wa darsa, na angeweza kutosheka nao kama walivyotosheka wanavyuoni wengi kabla yake. Lakini alikuwa msomaji wa Al-Manar, jarida la Rashid Rida lililoanza kutoka Cairo mwaka 1898, na kwa hiyo alijua kwamba mtu aliyekaa Misri anaweza kumsomesha mtu wa Mombasa ambaye hamjui kwa sura wala kwa jina. Akataka naye afanye hivyo, kwa Kiswahili.

Ili mtu aelewe alichokuwa akikijaribu, ni vizuri kwanza aijue darsa yenyewe, kwani darsa ya msikitini ina uhuru ambao vyuo vikuu vya dunia vilikuja kujivunia juzi tu. Mlango uko wazi. Hakuna fomu wala ada, na hakuna anayeuliza umefika darasa la ngapi. Maalim husoma kifungu cha kitabu kwa Kiarabu, akakifasiri kwa Kiswahili, akakisherehesha kwa mifano ya sokoni na nyumbani, kisha akaingia kifungu cha pili. Mwenye shughuli zake huinuka katikati bila kuomba ruhusa, na kesho akirudi hakemewi. Kitabu kinaweza kuchukua miaka. Kikimalizika hufanywa khitma, na waliohudhuria khitma si lazima wawe wale waliokuwepo siku kilipofunguliwa. Hakuna aliyewahi kuhesabu wangapi walikatiza, maana hakuna aliyeona kwamba kukatiza ni aibu.

Ila darsa ina duara mbili. Wengi wakishaondoka, hubaki wachache mbele ya maalim. Hawa husoma wao, naye akasikiliza. Mwanafunzi akikosea irabu hurudishwa, akikosea tena hurudishwa tena, na akiulizwa maana akababaika, kifungu hicho hakivukwi siku hiyo. Ni hawa wa duara ya ndani wanaopewa ijaza, idhini ya kusomesha kitabu kile, ikitajwa nani kampokea nani hadi kumfikia mtunzi. Ijaza hutolewa kwa mtu mmoja mmoja, na mwenye kuitoa anaijua sauti ya anayempa. Duara ya nje ni ya kila mtu na haimwahidi mtu kitu. Ya ndani ni ya wachache na inagharimu maisha ya mwalimu.

Sheikh Al-Amin aliichukua duara ya nje akaitandaza mji mzima. Alichagua Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na uamuzi huo ulikuwa wa mwalimu anayejua darasa lake. Watu wengi wa mwambao walikuwa wamepita chuo cha Kurani na wanazitambua herufi zile, hata kama Kiarabu chenyewe hawakijui. Asiyejua kusoma alisomewa na jirani yake barazani. Mada zilikuwa za watu: elimu ya wasichana, israfu za harusi na matanga, sababu za Waislamu kuachwa nyuma, wapi pa kuwaiga Wazungu na wapi pa kukataa. Mwaka 1932 akafuatisha na Al-Islah, gazeti la Kiswahili na Kiarabu. Halikudumu. Mwaka huohuo alikuwa Kadhi wa Mombasa, na 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, kazi aliyokuwa nayo hadi alipofariki 1947. Anayetaka kujua kwa nini miradi ya kusomesha halaiki hufa mapema aanzie hapo: mwalimu ni mmoja, na siku yake ina saa zilezile za kila mtu.

Fikra zake hazikuzimika pamoja na gazeti. Zilibaki kwa watu wa aina mbili. Sheikh Muhammad Kasim Mazrui alikuwa wa nyumbani, wa kukaa naye goti kwa goti. Sheikh Abdallah Saleh Farsy alikuwa Unguja, ng'ambo ya bahari, na hata hivyo aliathirika sana na mwendo wa Sheikh Al-Amin. Wote wawili walizaliwa 1912, wote wawili walifariki 1982, na wote walikikalia kiti cha Kadhi Mkuu wa Kenya, Farsy akimpokea Muhammad Kasim mwaka 1968. Farsy ndiye aliyekamilisha tafsiri ya Kurani nzima kwa Kiswahili iliyochapishwa 1969. Kwa hiyo mwanafunzi wa mbali huweza kufika. Lakini tuseme kweli: Farsy alikuwa mwanachuoni tayari. Mtu wa aina hiyo ukimpa karatasi moja hujimalizia mwenyewe.

Sheikh Al-Amin aliacha mtoto wa miaka 14, Ali Mazrui. Ali alisoma skuli ya serikali ya wavulana wa Kiarabu hapohapo Mombasa, akafanya mtihani wa Cambridge mwaka 1949, akapata daraja la tatu. Makerere, iliyokuwa chuo kikuu pekee cha Afrika Mashariki, haikumtaka. Akapata kazi ya ukarani MIOME, taasisi ya elimu ya Waislamu ya Mombasa, iliyopokea wanafunzi wake wa kwanza 1951 kule Tudor. Taasisi ilijengwa kwa michango mikubwa: Sultani wa Zanzibar, Sayyid Khalifa bin Harub, alitoa pauni 100,000, Aga Khan akatoa kiasi hichohicho, Mabohora wakatoa pauni 50,000. Ilikuwa ya ufundi, na leo baada ya kubadilishwa jina mara kadhaa ndiyo Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Karani Ali alisimama kuhutubia katika sherehe ya Maulidi, Gavana Philip Mitchell akiwepo. Hotuba ile ikamfungulia njia ya kwenda Uingereza, Huddersfield, mwaka 1955, akamalizie elimu ya sekondari akiwa mtu mzima wa miaka 22. Baadaye Manchester, Columbia, Oxford. Na Makerere, iliyomkataa, ikampa kiti cha uprofesa.

Kisa hiki husimuliwa kama habari ya bahati, na bahati ilikuwepo. Mimi naona pia habari ya wale waliopata daraja la tatu mwaka huo na hawakuwa na gavana wa kuwasikia. Kwa hao ilibaki posta. Vyuo vya Uingereza na wakala wao waliuza kozi kwa barua kwa makarani wa bandarini na wa reli, na baada ya uhuru serikali nayo ikaingia. Mwaka 1967 kilianzishwa kitengo cha kozi za posta huko Kikuyu, chini ya chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi, hasa kwa ajili ya walimu wa msingi waliokuwa wakifundisha bila sifa za kutosha. Kijitabu cha somo kilikuja kwa posta, vipindi vikasikika kwenye Sauti ya Kenya, mwanafunzi akajibu maswali, akatia bahashani, na karatasi kutoka Mombasa ikaenda kiasi cha kilomita 500 kusahihishwa na mtu. Ikirudi ina wino mwekundu pembeni, mwenyewe alikuwa ameshasahau alichoandika. Ilikuwa taratibu mno. Walakini kulikuwa na mtu upande wa pili, na alilipwa kwa kazi hiyo.

Redio pekee ilikuwa kinyume chake. Sauti ya Mvita, iliyotangaza kutoka Mombasa siku za Liwali Mbarak Ali Hinawy, iliingia kila mkahawa wenye mashine, na watu walikunywa kahawa tungu wakiisikiliza. Ilifika haraka kuliko barua yoyote. Haikusikia lolote.

Turudi kwa Ali Mazrui, maana ndiye aliyekuja kufanya kwa televisheni kile alichofanya baba yake kwa karatasi. Mwaka 1979 alitoa mihadhara sita ya Reith katika BBC. Kisha, 1986, ukatoka mfululizo wa vipindi tisa ulioitwa The Africans: A Triple Heritage, uliotengenezwa kwa ubia wa BBC na WETA, kituo cha televisheni ya umma cha Washington. Watazamaji wengi walidhani ni filamu tu. Kwa upande wa Marekani ilikuwa kozi. Mradi wa Annenberg, ulioanzishwa 1981 kwa ahadi ya dola milioni 150 ili televisheni ifundishe elimu ya juu, ulikuwa miongoni mwa wafadhili, na pamoja na vipindi palitengenezwa kitabu cha makala na mwongozo wa mwanafunzi. Mtu alijiandikisha katika chuo cha karibu na kwake, akaangalia vipindi akiwa nyumbani, akasoma kitabu, akafanya mtihani chuoni. Aliyemsahihishia alikuwa mwalimu wa chuo kile, si Mazrui.

Mpangilio huo unastahili kuangaliwa kwa makini. Mazrui alikuwa duara ya nje kwa mamilioni. Duara ya ndani iligawiwa vyuo vidogo, kila kimoja na mwalimu wake na wanafunzi wachache wanaojulikana kwa majina. Ilikuwa ghali na ilitegemea vyuo vyenyewe kutaka. Lakini haikumwahidi mtu kwamba skrini itamsahihishia.

Balaa ilitoka kwingine. Shirika la serikali ya Marekani linalofadhili taaluma za utu lilikuwa limechangia dola 600,000. Mwenyekiti wake, Lynne Cheney, alipoviona vipindi, akavishutumu kwamba vinaisema vibaya nchi za Magharibi, akaamuru jina la shirika lifutwe. Fedha zilikuwa zimeshatumika, kwa hiyo kilichofutwa kilikuwa maandishi ya mwisho wa kipindi. Ukimfundisha mwanafunzi mmoja jambo linalomkera, atabishana nawe. Ukiwafundisha milioni, mlipaji ndiye atakayebishana, na yeye ana kalamu ya hundi. Sheikh Al-Amin na Sahifa yake hakuwa na mfadhili wa namna hiyo.

Baada ya karatasi, posta, redio na televisheni ikaja zamu ya intaneti. Juni 2009 waya wa intaneti uitwao TEAMS, uliovutwa chini ya bahari kutoka Fujairah katika Falme za Kiarabu, uliwasili Mombasa, na Rais Mwai Kibaki alishuka kuupokea. Mwezi uliofuata waya mwingine, SEACOM, ukawashwa, na mwaka 2010 ukafuata EASSy. Kabla ya hapo Afrika Mashariki ilitegemea satelaiti, na anayekumbuka saiba za wakati ule anakumbuka kulipa kwa dakika huku ukurasa ukijichora polepole kutoka juu. Njia ya majahazi ya Ghuba ikawa njia ya mwanga. Na kama majahazi, nayo ina hatari zake: Februari 2012 meli iliyokuwa ikingoja nje ya bandari ilitia nanga pasiporuhusiwa, ikaukata waya wa TEAMS, na intaneti ikazorota Kenya na nchi za jirani.

Waya ulifika kwa wakati wake. Vuli ya 2011 Sebastian Thrun na Peter Norvig walifungua somo lao la akili bandia la Chuo Kikuu cha Stanford kwa yeyote duniani, bure. Walijiandikisha watu wapatao 160,000. Mwaka uliofuata zikazaliwa Coursera na edX, na magazeti yakaandika kwamba zama za vyuo zimekwisha. Jina la kozi huria za mtandaoni kwa halaiki lilikuwepo tangu 2008, kutokana na kozi ya George Siemens na Stephen Downes huko Manitoba, Kanada, ambayo ilikuwa kitu kingine kabisa, karibu zaidi na baraza: watu wakiandika kila mmoja kwake na kusomana. Wakubwa walilichukua jina wakaiacha baraza.

Hesabu zikaanza kutoka. Katika somo la Thrun na Norvig walimaliza takriban 23,000. Katika kozi ya kwanza ya MIT, ya saketi za umeme, walijiandikisha 154,763 na waliopata cheti ni 7,157. Wapinzani walicheka, kwamba ni chini ya watano kwa kila mia. Watetezi walijibu kwamba profesa wa MIT angehitaji maisha kadhaa kuwafikia hata hao elfu saba. Wote wawili walikuwa na haki, na wote wawili walikuwa wakiipima darsa kwa rejista ya skuli. Mtu aliyeingia kusikiliza somo moja akaondoka na faida yake si mtoro. Kosa la kozi hizi ni kwamba zilimwonyesha mtu wa duara ya nje cheti cha ndani, bila ya kumwekea maalim wa kumrudisha anapokosea.

Kisa cha kuchekesha, na cha kufundisha, kilitokea mapema 2013. Georgia Tech ilifungua ndani ya Coursera kozi ya namna ya kupanga kozi za mtandaoni. Walijiandikisha watu wapatao 41,000. Waandaaji walijua tatizo la upweke, wakataka wanafunzi wagawanyike vikundi vidogo wazungumze. Fikra nzuri. Namna ya kujigawa ilikuwa jedwali moja la Google, kila mtu aingie aandike jina lake. Jedwali halikuweza kuhimili umati ule kwa pamoja. Likaanguka, majina yakafutwa na wengine, barua za malalamiko zikamiminika, na baada ya siku chache kozi ikasimamishwa. Jambo ambalo mwalimu wa watu 20 hulimaliza kwa kunyoosha kidole, wewe na wewe na wewe hapa, kwa watu 41,000 linahitaji mhandisi.

Mwezi Januari wa mwaka huohuo Coursera ilikuwa imeanza kuuza vyeti vilivyothibitishwa. Mwanafunzi alijipiga picha kwa kamera ya kompyuta na kuchapa sentensi, na programu ikakariri mdundo wa vidole vyake ili imjue atakaporudi. Hapo ndipo ijaza ilipofikia. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka huo ukaonyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya waliokuwa wakisoma kozi zake walikuwa tayari na vyeti vya elimu ya juu. Watu wa aina ya Farsy, wanaojimalizia wenyewe. Kampuni ya Thrun, Udacity, ilipojaribu na Chuo Kikuu cha San Jose kuwafundisha hivyo wanafunzi wa kawaida, wakiwemo waliokuwa wameshafeli hesabu, waliofaulu walikuwa wachache kiasi kwamba mradi ukasitishwa Julai 2013.

Sasa mchukue kijana wa Mji wa Kale aliyemaliza kidato cha nne na matokeo ya wastani, mtu wa daraja la tatu wa leo. Ana simu. Bando ananunua la siku, maana fedha yake ni ya siku. Video ya dakika 10 inalila bando hilo, naye anajua nusu yake ingetosha kumtumia mamake ujumbe na picha. Somo ni la Kiingereza cha Marekani chenye mifano ya theluji na kadi za mkopo. Maswali ni ya kuchagua jibu, na akikosea huambiwa kwamba amekosea. Hakuna wa kumwambia amekosea wapi. Kuna ukurasa wa majadiliano ambamo maelfu wanauliza kwa pamoja, na swali lake linazama kabla hajafunga mlango wa chumba. Cheti ni cha kulipia kwa kadi ya benki. Nikiwasikia wataalamu wakisema vijana wa Afrika hawana ari ya kumaliza, huwa najiuliza ari ya nani ingevuka vyote hivyo.

Wapo wanaovuka. Nikiwatazama, karibu wote wamejitafutia duara ya ndani wenyewe: wanne watano wanaokutana jioni, mmoja anapakua video kwenye Wi-Fi ya kazini akawagawia wenzake kwa simu, mwingine aliyetangulia kozi anawasahihishia. Kwenye orodha ya kampuni huhesabiwa kama mtu mmoja mmoja aliyefaulu peke yake.

Machi 2020 skuli za Kenya zilifungwa kwa sababu ya korona, na misikiti ikafuata. Ramadhani iliingia mwishoni mwa Aprili. Huo ni mwezi ambao darsa za baada ya Alasiri hujaa, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na safu ya kukalia. Tarehe 6 Mei serikali ikatangaza kwamba kutoka na kuingia Mji wa Kale ni marufuku, pamoja na Eastleigh ya Nairobi. Amri iliendelea hadi Juni. Masharifu na maustadhi walioikataa kamera miaka yote walijikuta wamekaa mbele ya simu iliyoegemezwa kwenye vitabu, wakisoma kifungu, wakifasiri, wakisherehesha, bila kuona uso wa mtu. Wasikilizaji walikuwa wengi kuliko msikiti ungeweza kuchukua, wengine wakiwa Muscat na London.

Haikuchukua siku nyingi tatizo la Georgia Tech likabisha hodi. Maswali yaliingia kwa WhatsApp, mengi yakiwa ya sauti, dakika tatu dakika nne, salamu ndefu kwanza kisha habari za nyumbani kisha swali. Maalim mmoja hawezi kuyasikiliza yote na bado akatayarisha darsa ya kesho. Suluhisho halikubuniwa na mhandisi. Wanafunzi wakubwa, wale wa duara ya ndani, waligawana simu: huyu anapokea maswali ya ibada, huyu ya mirathi, lile lililowashinda tu ndilo linalopanda kwa maalim. Wanawake, ambao msikitini husikiliza kutoka nyuma na aghalabu hawaulizi kwa sauti, waliuliza sana.

Julai 2020 nyumba za ibada ziliruhusiwa kufunguliwa kwa masharti: watu wasizidi 100, ibada isizidi saa moja, na asiingie mwenye umri chini ya miaka 13 wala aliyepita miaka 58. Wazee ndio wengi katika darsa za Mji wa Kale. Wakabaki nyumbani na simu zao, na wale vijana wakaendelea kupokea maswali.